Dubu si tatizo lenu: jibu kwa dada anayetaka kuipeleka familia msituni Oktoba

Msomaji mmoja anayeishi Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ameniandikia. Nalifupisha swali lake:

"Tangu tuhamie huku, kila mwaka tunasikia wenzetu wa kazini wakisimulia wanavyokwenda milimani kuangalia majani yakibadilika rangi. Mwaka huu nasi tunataka kukodi nyumba ndogo ya mbao msituni, wikendi moja ya Oktoba. Tutakuwa mimi, mume wangu, watoto wa miaka 11 na 7, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mume wangu anaogopa dubu. Mimi naogopa baridi. Mama anauliza kwa nini tulipe hela kwenda kulala porini. Twende wapi, lini, na tujiandae vipi?"

Mfikishie mama shikamoo yangu, dada. Swali lake ndilo gumu kuliko yote na nitalifikia. Nianze na la shemeji, kwa sababu nalisikia kutoka karibu kila familia ya kwetu ninayoiongoza milimani.

Maine ina dubu weusi zaidi ya 20,000, na karibu asilimia 90 ya jimbo zima ni msitu, kwa hiyo nafasi ya kujificha wanayo tele. Na wanaitumia. Dubu mweusi akinusa binadamu huondoka zake, na mwezi wa Oktoba ana shughuli moja tu: kula kokwa na matunda ya msituni anenepe kabla ya usingizi mrefu wa miezi ya baridi. Kinachomleta kwenye nyumba za watu ni jalala. Mkichoma nyama nje, safisheni wavu, mabaki yaingie ndani, na mfuko wa taka usilale barazani. Habari ya dubu imeisha. Panya wa kwenye nyumba hizo watawasumbua zaidi, hivyo mchele na unga viwe ndani ya ndoo au makopo yenye mfuniko.

Mnyama wa kumwogopa yuko barabarani. Wenyeji humwita musi. Ni wa jamii ya kulungu, lakini mabegani ni mrefu kuliko farasi, na dume huweza kupita kilo 450. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, haonekani usiku, na kwa urefu wake taa za gari humulika miguu tu, macho yanabaki juu gizani. Gari dogo likimgonga, miguu hukatika na mwili mzima huangukia kioo cha mbele. Kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba ni msimu wake wa kupandana, madume wanatembea sana na hawana subira na mtu. Wanapenda kuvuka wakati wa magharibi na alfajiri. Kwa hiyo hofu yote ambayo shemeji alimwekea dubu aihamishie kwenye usukani: msifike huko usiku. Ondokeni Portland Ijumaa mchana, na kama kazi hairuhusu, ondokeni Jumamosi asubuhi. Kutoka kazini saa 11 jioni na kuanza safari ya milimani ndilo kosa ninaloliona kila mwaka.

Hapo tumeingia kwenye jambo ambalo sisi tuliokulia karibu na Ikweta hulisahau hata tukikaa huku muda mrefu, kwa sababu mjini taa zinatuficha. Tanga jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, Januari au Julai. Mtu huangalia saa yake, akajua bado ana muda gani wa mwanga, hata hafikirii. Huku, katikati ya Oktoba, jua linazama kabla kidogo ya saa 12 jioni na kila siku inapungua kama dakika tatu. Wiki moja ni dakika 20. Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jua linazama saa 10 na nusu alasiri. Hiyo ni saa ya jua lenyewe. Ndani ya bonde lenye milima pande zote mbili, na chini ya misonobari, giza hutangulia. Mtu aliyeanza kupanda mlima saa 8 mchana akiwa na watoto, akisimama kupiga picha kila jiwe, anashuka kwa kupapasa.

Kanuni ninayowapa watu ni moja. Kabla hamjaanza kutembea, semeni kwa sauti saa mtakayogeuza, mfike juu msifike juu. Kwenu, kwa kuwa umeniambia mama ni mtu wa sala, kuna njia rahisi zaidi ya kuipanga: alasiri iwakute mkishuka, na magharibi iwakute mkiwa mmeshavua viatu ndani. (Kibla kutoka huku ni upande wa kaskazini-mashariki, mama asiwe na wasiwasi akiona tunaelekea huko.) Na kila mtu, pamoja na mtoto wa miaka 7, awe na tochi yake ya kuvaa kichwani, hata kama mnatoka saa 4 asubuhi kwa matembezi ya nusu saa. Tochi ya simu haitoshi, maana baridi hunyonya betri na simu ndiyo ramani yenu pia.

Sasa, wapi na lini. Ningekuwa mimi ningewapeleka upande wa Bethel na Newry, magharibi mwa jimbo. Barabara namba 26 inatoka Portland inapita Gray, Poland, Norway na South Paris (naam, mtapita Poland na Norway kabla ya chakula cha mchana, watoto watafurahi) hadi Bethel, kama saa moja na nusu kwa gari. Mkiendelea na barabara hiyo hiyo mnaingia Grafton Notch, hifadhi ya jimbo iliyo kwenye bonde jembamba kati ya milima. Wenzenu wa kazini watawaambia muende Acadia, kule pwani. Acadia ni pazuri kweli, lakini Oktoba kuna foleni ya magari na mtu anapanda mlima akiwa amezungukwa na watu. Kama mnatafuta utulivu, nendeni magharibi.

Rangi za milima ya magharibi kwa kawaida hukolea katika nusu ya kwanza ya Oktoba. Kaskazini hutangulia, pwani ya Portland hufuata baadaye. Kuna mtego: Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, sasa inaitwa Siku ya Wenyeji wa Asili, shule zimefungwa, na kila mtu kuanzia Boston yuko njiani. Nyumba zinakuwa ghali na zimejaa tangu kiangazi. Chukueni wikendi inayofuata. Mtakuta vilele vimebaki vijiti vitupu, lakini mabondeni bado kuna rangi, miti ya mialoni ndiyo kwanza inaanza, na bei imeshuka. Hapa nakiri ni suala la ladha. Wengine wanataka picha ya mlima mwekundu mzima kama kadi ya posta. Mimi napenda wiki hiyo ya pili, majani yakiwa nusu mtini nusu ardhini, kwa sababu msitu unafunguka na unaona mbali. Serikali ya jimbo hutoa taarifa ya hali ya majani kila wiki kuanzia Septemba. Iangalieni kabla ya kulipa, maana upepo mmoja mkali na mvua ya siku mbili huweza kumaliza kila kitu.

Watoto watauliza kwa nini. Waambie hivi: jani ni la kijani kwa sababu ya umbijani, ambao mti huutengeneza upya kila siku ili upate chakula kutoka kwenye mwanga. Siku zikifupika mti unaacha kuutengeneza, umbijani unavunjika, na rangi ya njano ambayo ilikuwepo muda wote chini yake inaonekana. Nyekundu ni hadithi nyingine. Mti wa mepo (maple) huitengeneza upya, mwishoni kabisa, kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huleta wekundu mkali, na mwaka wa mawingu tupu huleta rangi iliyofifia. Na mti huo huo ukitobolewa mwishoni mwa majira ya baridi hutoa maji ya sukari. Wawabanaki, wenyeji wa asili wa nchi hii, walikuwa wakiyachemsha muda mrefu kabla ya Wazungu kufika.

Matembezi yenyewe. Siku ya kwanza msipande popote. Ndani ya Grafton Notch kuna maporomoko ya Screw Auger, ambapo mto Bear umechimba mwamba ukawa na mikunjo na mashimo ya duara, na yapo hatua chache kutoka mahali pa kuegesha gari. Mama ataweza. Mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo kuna maporomoko ya Mother Walker na korongo la Moose Cave, vyote ni vya mwendo mfupi. Mnaweza kutumia mchana mzima kwa kusogea na gari, kushuka, kunywa chai, kuendelea. Lakini shikeni watoto mikono karibu na maji: granaiti iliyoloa ikifunikwa na majani haina tofauti na sakafu iliyomwagiwa mafuta, na maji ya Oktoba ni ya barafu.

Siku ya pili, wewe, shemeji na watoto nendeni Step Falls, pale Newry. Ni kama kilomita moja kwenda na moja kurudi, njia inapanda taratibu msituni kufuata mto unaoshuka kwa ngazi za mawe. Kuna mwinuko wa mwamba unaoitwa Table Rock ambao mtausoma kila mahali, wenye jiwe kubwa bapa na mwonekano wa bonde zima. Mwenye miaka 11 angeuweza. Kwa wa miaka 7, mimi nasema hapana, hasa mvua ikiwa imenyesha: una sehemu zenye mwinuko mkali na vyuma vya kushikilia vilivyopigwa kwenye mwamba, na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Old Speck, wenye karibu mita 1,270, uacheni kabisa mwaka huu.

Njia kuu inayokatiza pale ni ile ndefu ya Appalachian, inayotoka Georgia kusini na kuishia mlima Katahdin huku kwetu, takriban kilomita 3,500. Ina alama ya rangi nyeupe iliyopakwa kwenye miti na mawe. Njia za pembeni zina alama ya buluu. Katika majira haya hilo si jambo dogo, kwani majani yakishaanguka yanafunika njia yote na ardhi inafanana kila upande. Fuateni alama za kwenye miti, msifuate panapoonekana pamekanyagwa. Mkitembea bila kuona alama kwa muda, simameni, rudini hadi ya mwisho mliyoiona. Simu huko mara nyingi haina mtandao, kwa hiyo ramani ipakuliwe mkiwa bado mjini, na chukueni ya karatasi. Mwachieni mtu Portland ujumbe: tuko wapi, tunarudi saa ngapi, tusipopiga hadi saa fulani piga 911, namba ya dharura. Watoto wavishwe filimbi shingoni na wafundishwe jambo moja tu: ukipotea, kaa chini ya mti ulipo, piga filimbi, usitembee. Mtoto aliyetulia hupatikana mapema.

Kuhusu bunduki, hukuuliza, lakini ni lazima niseme. Oktoba ni msimu wa uwindaji. Kuna wanaowinda ndege kwa bunduki, wanaowinda kulungu kwa mishale, na maeneo mengine musi. Msimu mkubwa wa kulungu kwa bunduki huanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba na huendelea hadi Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Wawindaji wa hapa ni watu wa sheria na wengi wao ni majirani zenu. Wao wenyewe wanalazimika kuvaa rangi ya machungwa ile inayowaka. Nanyi vaeni. Kizibao cha namna ile ya bodaboda na kofia ya rangi hiyo hiyo havizidi bei ya chakula cha mchana. Mama anaweza kuvaa mtandio wa rangi hiyo, na akitaka kanga yake juu ya koti sawa, ila isiwe nyeupe. Mkia wa kulungu wa hapa ni mweupe chini, na mwindaji anapotafuta weupe unaotikisika kati ya miti, kofia nyeupe au glavu nyeupe ni kitu kibaya sana kuwa nacho.

Bahati yenu ni kwamba Maine imepiga marufuku kuwinda siku ya Jumapili. Matembezi yenu marefu yawekeni Jumapili. Lakini sheria hiyo inaishia mpakani: New Hampshire ni jirani, na kule Jumapili wanawinda.

Kwako wewe na baridi. Mchana wa katikati ya Oktoba huko ni kati ya digrii 10 na 15, usiku inakaribia sifuri na mara nyingine inashuka chini yake. Kama mama amewahi kulala Lushoto mwezi wa Julai, ajue hii inaizidi, ila ni baridi kavu ikiwa hakuna mvua. Na mvua ndiyo shida. Watu wengi wanadhani mwili hupoteza joto kupita kiasi kwenye theluji tu. Wanaopatwa na hali hiyo msituni mara nyingi walikuwa kwenye digrii 5 hadi 10, wameloa, kuna upepo, na wamevaa pamba. Jinzi na tisheti ya pamba zikishaloa, jasho au mvua, hazikauki na zinanyonya joto la mwili. Acheni jinzi nyumbani. Vaeni nguo ya ndani ya kubana ya poliesta au sufu, juu yake sweta la sufu au jaketi la flisi, na juu kabisa koti lisilopitisha maji. Kofia, glavu, soksi za sufu na jozi ya pili ya soksi kwenye mfuko. Msinunue vipya: maduka ya mitumba ya Portland na Lewiston yamejaa masweta ya sufu ambayo Wamarekani wameyachoka. Kitu cha kununua kipya ni viatu vya mtoto, viwe na soli yenye meno.

Tembeeni polepole, vueni tabaka moja kabla hamjatoka jasho, vaeni tena mkisimama. Chupa ya chai yenye tangawizi na sukari nyingi isikosekane mgongoni mwa shemeji. Mtoto akianza kutetemeka bila kukoma, kujikwaa, kushindwa kufunga zipu au kuongea kama mlevi, matembezi yameisha hapo hapo: nguo kavu, kitu kitamu, kumkumbatia, kurudi.

Nyumba yenyewe sasa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko popote. Kuna hatari moja msituni ambayo sisi tunakuja nayo wenyewe kwenye buti la gari, nayo ni jiko la mkaa. Nyumbani kila msimu wa baridi, kuanzia Njombe hadi Nairobi, tunasikia habari za familia iliyoingiza jiko ndani, ikafunga madirisha, isiamke. Nyumba za mbao za huku zimezibwa vizuri zaidi, hazina hata ufa wa kuingiza upepo. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu wala rangi. Mkaa unaoonekana umekaribia kuzimika bado unaitoa. Jiko la mkaa, wavu wa kuchomea nyama, jiko la gesi la kambini, jenereta: vyote vibaki nje, hata mvua ikinyesha, hata kama ni "dakika tano tu za kupasha ugali". Nunueni kengele ndogo ya betri inayolia ikinusa hewa hiyo, muende nayo, muiweke karibu na mnapolala bila kumuuliza mwenye nyumba kama anayo. Mkisikia kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, na hasa kama mmeanza watu wawili au watatu kwa pamoja, tokeni nje wote kwanza, mengine baadaye.

Jiko la kuni la chuma lenye bomba la moshi ni kitu tofauti, limetengenezwa kukaa ndani. Lakini lina adabu zake. Kabla ya kuwasha, fungueni kile kipini cha bomba kinachoachia hewa, la sivyo moshi utawarudia wote sebuleni. Anzeni na karatasi na vijiti vikavu vyembamba, moto ushike vizuri, ndipo mwongeze gogo dogo. Msilijaze usiku eti liwake hadi asubuhi. Msianike soksi juu yake. Majivu yachotwe kwa ndoo ya chuma na ndoo iwekwe nje, juu ya udongo au mawe, mbali na ukuta, kamwe si kwenye sakafu ya baraza ya mbao. Kaa lililofunikwa na majivu hubaki na moto kwa siku kadhaa.

Kuni nunueni huko huko Bethel au Newry, msibebe kutoka mjini. Maine imekataza tangu 2010 kuingiza kuni zisizotibiwa kutoka majimbo mengine, na hata ndani ya jimbo wanaomba watu watumie za karibu. Sababu ni mdudu wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Maine mwaka 2018, ambaye viwavi wake hula chini ya gome na kuua miti. Mti anaoushambulia ni wa jamii ile ambayo Wawabanaki huponda na kuchana nyuzi za kusukia vikapu, kazi ya vizazi na vizazi. Mdudu huyo hawezi kuruka mbali. Anasafiri ndani ya kuni za watu wanaokwenda kupumzika wikendi.

Kupe, kwa ufupi lakini msipuuze. Watu hudhani wameisha na kiangazi. Kupe wakubwa wa kulungu wanaamka upya Oktoba na Novemba na hutembea siku yoyote yenye joto la digrii nne na kuendelea. Wanabeba ugonjwa wa Lyme. Suruali iingie ndani ya soksi, nyunyizeni dawa kwenye nguo, tembeeni katikati ya njia. Jioni kagueni kila mtu: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, kitovuni, nyuma ya masikio na kwenye ngozi ya kichwa. Msichana akiwa na nywele zilizosukwa kazi inakuwa rahisi, fuata mistari. Ukimkuta amening'inia, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usitumie mafuta ya taa wala kiberiti. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 akiwa ameng'ata ndipo aambukize, ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni unasaidia sana kuwalinda. Upele unaotanuka au homa ndani ya wiki chache zinazofuata, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa msituni.

Na mama. Usimjibu kwamba unalipia hewa safi. Mtu wa Tanga anatoka mkoa wenye misitu ya Usambara, Amani na Magamba, msitu si mgeni kwake. Tofauti ni kwamba misitu ile ni ya kijani mwaka mzima. Msitu mzima unaokubali kuvua nguo zake ndani ya wiki tatu hajauona, na hauwezi kumtokea Portland barabarani. Mwambie hivyo, na umwambie pia ukweli kwamba mnalipia siku mbili za watoto kukosa intaneti wakiwa na bibi yao na hakuna mahali pa kukimbilia. Nimeona bibi wengi wakienda kwa kulalamika wakaishia kushika zamu ya jiko la kuni, kwa sababu katika nyumba nzima wao peke yao ndio wanaojua moto. Akisema hataki kutembea, muache akae na chai yake, msimkokote. Ila msimuweke juu kwenye dari lenye ngazi ya kusimama, ambako nyumba nyingi hizi huweka vitanda. Alale chini, karibu na joto.

Kabla hujatuma hela, mpigie mwenye nyumba, usiishie kwenye picha. Muulize kama kuna joto lingine mbali na jiko la kuni, maana moto ukizimika saa 9 usiku mtajuta. Choo kiko ndani? Nyumba nyingi za bei nafuu zina choo cha shimo nje, na kwa mama wa umri wake, gizani, ardhi ikiwa na barafu, hilo halifai. Mashuka na mablanketi yapo au mje na yenu? Njia ya kuingilia gari la kawaida linapita? Simu inashika wapi, na anwani kamili ya kuwapa watu wa 911 ni ipi? Na muulize wazi kama maji yatakuwa bado yanatoka wikendi yenu, kwa sababu wengi huyafunga karibu na katikati ya Oktoba mabomba yasipasuke kwa barafu. Akisitasita kwenye hilo la maji, tafuta nyumba nyingine.